Sweta ya Matundu Imeshuka Sindanoni, Njooni Muione!

Jamani, ishikeni kwanza ndipo tuzungumze! Sweta nzima ya mtu mzima, yenye mgongo, kifua na mikono inayogusa viwiko, nimeiweka juu ya mizani ya jikoni na haikufika gramu 300. Suruali moja ya jinzi inaizidi maradufu. Ukiinyanyua mbele ya dirisha unauona mwembe wa jirani kupitia kifuani. Ukiikunja inaingia kwenye mkoba wa mkononi pamoja na miwani, funguo na chupa ya maji, na zipu bado inafunga. Nimefuma tangu utotoni na sindano zangu hazijawahi kutoa kitu cha namna hii. Hazijawahi!

Ngoja niseme ni nini hasa, maana furaha inanikimbiza. Ni sweta ya lesi ya msimu wa joto, ya uzi wa pamba uliochanganywa na kitani, imefumwa kwa kuzunguka kuanzia shingoni kwenda chini bila mshono hata mmoja, na kuanzia kwapani hadi ukingoni imejaa mawimbi ya matundu ya mtindo wa Shetland ambao wafumaji duniani wanauita Old Shale. Ndiyo kwanza imekauka. Sijaivaa msimu mzima, sijaipeleka safari. Haya ni macho ya kwanza ya mtu aliyepagawa, na anayetaka hukumu ya mtu aliyetulia ajipe subira mpaka kipupwe cha mwakani.

Najua swali linalokuja: sweta, Dar es Salaam? Ndiyo, Dar es Salaam! Nani asiyezijua ofisi ambazo kiyoyozi kimewekwa nyuzijoto 18 na mwenye rimoti hajulikani? Nani hajapanda basi la Mbeya, akaanza safari akijipepea na kufika Makambako akitetemeka? Na asubuhi za Julai, kusi inapovuma kutoka baharini, kuna kaubaridi kembamba kasikostahili koti lakini kanakosisimua mikono. Kwa baridi ya aina hiyo tumezoea kuvaa kinachopatikana: sweta ya mtumba, ya akriliki, iliyofumwa na mashine kwa ajili ya majira ya baridi ya watu wengine. Unaivaa, unavuka barabara kwenye jua, tayari umelowa mgongoni. Akriliki ni plastiki. Hainywi jasho hata ukiibembeleza. Pamba na kitani vinalinywa, kisha vinaliachilia hewani, na hapo ndipo matundu yanapoingia kazini.

Maana matundu ndiyo sweta yenyewe! Uzi upo tu kuyazunguka. Watu wa pwani wanalijua jambo hili zamani, tazama kofia ya kiua, ile iliyotobolewa vitundu vidogo vidogo na kila kimoja kikadariziwa pembeni: mtu anaswali Ijumaa katikati ya joto la Februari na kichwa kinapumua. Sweta hii ni kofia ya kiua iliyokua ikaota mikono.

Cha kushangaza, mtindo wenyewe umetoka kwenye baridi kali. Shetland ni visiwa vilivyo kaskazini kabisa mwa Uskoti, vyenye upepo usiochoka, kondoo wadogo na miti ya kuhesabika. Katika karne ya 19 wanawake wa huko, hasa wa Unst, kisiwa cha mwisho chenye watu upande wa kaskazini katika Uingereza yote, walifuma shali za sufu nyembamba kupita kiasi. Sufu bora ilitoka shingoni mwa kondoo, mahali palipo laini kuliko pote, na ilinyofolewa kwa mkono wakati manyoya yanapoachia yenyewe, bila mkasi. Wakaisokota kuwa uzi unaokaribia unywele. Wakafuma shali ya mtu mzima kujifunika mwili, halafu shali hiyo nzima wakaivuta ikapita ndani ya pete ya ndoa. Pete ya ndoa! Warusi wa Orenburg nao wana shali za manyoya ya mbuzi zinazopita kwenye pete, na Waestonia wa mji wa Haapsalu wana za kwao zenye vifundo vilivyotuna juu ya lesi. Kila mmoja wao anastahili makala yake, lakini sweta inaniita.

Hebu fikirini: wanawake wa Unst walitoboa shali zao huku wakitafuta joto. Sufu nyepesi yenye matundu ikikaa juu ya nguo nyingine inashika hewa, na hewa iliyotulia inazuia baridi. Mimi nimechukua tundu lile lile nikalipa kazi ya kinyume. Uzi wangu ni laini, hauna manyoya ya kuikamata hewa, kwa hiyo upepo unaingia kifuani, unakausha jasho, unatokea mgongoni. Nilisimama barazani nayo na nikausikia ukipita. Sisemi uongo.

Sasa njooni kwenye mtindo wenyewe, maana hapa ndipo nilipopiga kelele peke yangu sebuleni. Old Shale inajirudia kila baada ya vitanzi 18 na kila baada ya mizunguko minne. Minne tu! Mzunguko wa kwanza unafuma kawaida. Wa pili kawaida. Wa nne unafuma kwa nyuma, ile pali tuliyofundishwa shuleni, ili kitoke kijituta kinachotenganisha wimbi na wimbi. Lesi yote, uzuri wote, makelele yote yako kwenye mzunguko wa tatu peke yake. Unafuma vitanzi viwili pamoja, mara tatu. Halafu unapeleka uzi juu ya sindano na kufuma kitanzi kimoja, mara sita mfululizo. Halafu viwili pamoja tena, mara tatu. Basi! Unarudia hivyo mpaka umeuzunguka mwili.

Na hesabu yake inaburudisha. Kila uzi unaopita juu ya sindano unazaa kitanzi kipya na kuacha tundu chini yake, kwa hiyo vimezaliwa sita. Kila viwili vikifumwa pamoja kimoja kinaliwa, kwa hiyo vimeliwa sita. Vinabaki 18 vile vile. Lakini vilivyozaliwa vimejazana katikati na vilivyoliwa vimejazana pembeni, basi katikati panavimba, pembeni panabanwa, na mstari uliokuwa umenyooka unajipinda wenyewe. Hakuna mahali ulipofuma mkunjo! Umefuma mizunguko iliyonyooka kabisa, na kitambaa kimeamua kuwa bahari. Hata ukingo wa chini unatoka na mawimbi bila kuambiwa. Mwanzo nilidhani nitahitaji karatasi ya mchoro mbele yangu muda wote, lakini baada ya marudio machache vidole vilishajua njia. Nimefuma nikitazama tamthilia. Nimefuma kwenye foleni ya benki, mlinzi akinitazama kama nimeingia na silaha. Ukiteleza unaona papo hapo, kwa sababu tundu linakaa nje ya foleni ya wenzake.

Mmarekani Barbara Walker, bingwa wa kukusanya mitindo ya kufuma, aliuingiza mtindo huu kwenye kitabu chake cha mwaka 1968, *A Treasury of Knitting Patterns*. Umekaa hapo wazi miaka yote hii, na sisi tunaendelea kufuma sweta za mistari iliyonyooka. Inauma.

Turudi kwenye uzi, maana najua wafumaji wenzangu wengi wameapa kwamba pamba hawairudii tena. Na wana haki! Pamba haina mnyumbuko. Sufu ukiivuta inarudi. Pamba ukiivuta inabaki hapo hapo ulipoivutia. Tena ni nzito. Fuma sweta ya pamba nene bila matundu, itavuka nusu kilo bila shida, na uzito huo wote unaning'inia mabegani siku nzima: asubuhi nguo ni ya kiunoni, jioni imekuwa ya mapajani. Kitani ni kikaidi zaidi, nyuzi zake karibu hazivutiki kabisa. Ukiviweka pamoja ungetarajia gunia.

Lesi inautibu ugonjwa huu, na inautibu kwa umbo. Uzi hauvutiki, sawa, lakini matundu yanafumbuka na kufumba. Ukivuta kitambaa hiki pembeni, vitanzi vinalala na matundu yanapanuka. Ukiachia, yanajikusanya karibu na pale yalipokuwa. Nilifuma vipande viwili vya majaribio kwa uzi mmoja na sindano zile zile, kimoja wazi na kingine cha Old Shale, nikavivuta mezani kimoja baada ya kingine kama mtu anayenunua mpira wa kiunoni sokoni. Kile cha wazi kilikataa. Kile cha lesi kilifunguka chenyewe! Na kwa kuwa sehemu kubwa ya kitambaa ni hewa, uzi unaotumika ni mchache, uzito unashuka, na mabega hayavutwi. Kila kosa la pamba limepata dawa pale pale.

Kitani nacho kina maajabu yake, nisije nikakisema vibaya bure. Kikilowa kinakuwa na nguvu zaidi kuliko kikiwa kikavu, kwa hiyo beseni la kufulia halikitishi. Na kila kikifuliwa kinalainika. Wamisri wa kale walikivaa kwenye joto lao. Mchanganyiko wangu ni nusu kwa nusu, wenye takribani mita 160 katika kila donge la gramu 50, na unaning'inia mwilini kwa namna ambayo pamba peke yake haiwezi: unateremka, hauvimbi, haugandi.

Hapa kwenye mabega naomba mvute viti.

Mwaka 1971 Elizabeth Zimmermann, mfumaji mzaliwa wa Uingereza aliyeishi Marekani, alitoa kitabu kinachoitwa *Knitting Without Tears*. Kanuni yake ya sweta ya mviringo ni ya kupendeza: chukua idadi ya vitanzi vya kifua, na vipimo vingine vyote vitoke hapo kwa asilimia. Shingo inaangukia karibu asilimia 40. Mimi nafuma kwa sindano za milimita 4 na kupata vitanzi 20 kwa kila sentimita 10, na kifua changu, pamoja na nafasi ya kupumua, kinataka vitanzi 216, yaani sentimita 108. Asilimia 40 ya hapo ni kama vitanzi 86, sentimita 43 za shingo. Kwa sufu, safi kabisa. Inafunguka kichwa kikipita, kisha inarudi. Kwa pamba na kitani, sentimita 43 ni kitanzi cha kunyongea mtu!

Basi nikaipanua shingo, nikaanzisha vitanzi 112. Sentimita 56. Kichwa kinapita bila kugombana na nywele. Na kuanzia hapo hesabu ikaanza kuimba. Nikashuka vidole viwili, nikaweka tundu baada ya kila vitanzi vinne: 112 vikawa 140. Nikashuka tena, tundu baada ya kila viwili: 210. Nikashuka tena, tundu baada ya kila vitatu: 280. Mabegani kuna pete tatu za matundu, ya kwanza 28, ya pili 70, ya tatu 70, na pete hizo ndizo zinazoitanua sweta! Huku juu hakuna vitanzi vinavyofumwa pamoja ili kurudisha hesabu, kwa hiyo kila tundu ni ongezeko. Tumboni matundu yanapamba. Mabegani yanajenga.

Subirini, bado. Nikavigawa vile 280: 176 vya mwili, 52 vya kila mkono. Chini ya kila kwapa nikaongeza 20. Mwili: 216, sawasawa na marudio 12 ya vitanzi 18. Kila mkono: 72, sawasawa na marudio manne. Hakikubaki kitanzi! Hakikupungua kitanzi! Hesabu hii niliipiga nyuma ya risiti ya LUKU, na risiti hiyo haitupwi mpaka nizeeke.

Kama mwili wako si wa kipimo changu, acha hesabu ilivyo na ubadilishe sindano. Sindano nene kidogo zinazokupa vitanzi 18 kwa sentimita 10 zitatoa kifua cha sentimita 120. Nyembamba zinazokupa vitanzi 22 zitatoa kama 98. Urefu utauamua mwenyewe, maana unafuma kutoka juu kwenda chini. Unavaa, unajitazama kwenye kioo, unaendelea au unafunga. Hakuna kubahatisha.

Vifaa nitavipitia haraka. Sisi tuliojifunza kwa spoku za baiskeli zilizonolewa kwenye sakafu ya sementi hatuna haki ya kuringia sindano, lakini kwa lesi naomba mjidekeze kidogo. Tafuteni sindano ya mzunguko, ile yenye ncha mbili zilizounganishwa kwa waya wa plastiki, waya wa sentimita 80 kwa ajili ya mwili. Ncha ziwe kali, kwa sababu kwenye mzunguko wa tatu unatoboa vitanzi viwili kwa mpigo. Ya mianzi inaushika uzi huu unaoteleza. Ya chuma ina kasi. Nimemaliza kwa mianzi na sijutii. Weka kipande cha uzi mwekundu kila baada ya vitanzi 18, ili ukihesabu vibaya ujue ndani ya marudio yapi. Na kila unapomaliza mawimbi kadhaa, chukua sindano ya kushonea na uzi mwembamba wa rangi nyingine, upitishe ndani ya vitanzi vyote vya mzunguko wa kawaida, uuache pale. Siku ukilazimika kufumua, kufumua kutasimama kwenye uzi huo na hakutavuka. Lesi isiyo na uzi wa akiba ni kutembea kwenye ukuta usiku. Wapo wanaoweza. Mimi nina majukumu.

Sasa lazima niwaonye kuhusu saa ile sweta inaposhuka sindanoni. Ni mbaya! Imejikunyata, mawimbi yamekauka, matundu yamefumba, unadhani umetengeneza dodoki. Mpwa wangu alipoiona alinihurumia kwa dhati. "Shangazi," akasema, "hii imeliwa na mende?" Nikamwambia akae pale pale asiondoke.

Lesi huzaliwa mara ya pili ndani ya beseni. Nilijaza maji vuguvugu, nikatia sabuni kidogo, nikaizamisha na kuiacha inywe mpaka ikazama yenyewe. Hakuna kukamua! Uikamue lesi ikiwa imelowa na utakuwa umeipinda. Nikaitoa kwa mikono miwili, nikaisuuza, nikaiviringisha ndani ya taulo kubwa, mpwa akapanda juu yake na kuikanyaga kwa furaha zote. Halafu nikatandaza mkeka, juu yake kanga mbili kuukuu, nikailaza sweta na kuanza kuivuta. Polepole, kutoka katikati kwenda nje. Ukingo wa chini una ncha 12 za mawimbi, kila ncha nikaichoma na pini ya hijabu. Mikono vivyo hivyo, ncha nne kila mmoja.

Jamani! Matundu yalifunguka mbele ya macho yetu, moja baada ya jingine. Kitu kilichokuwa kimefumba ngumi kikawa ua. Mistari ya pali ikasimama, mawimbi yakapangana, na mabegani zile pete tatu zikakaa kwenye mviringo wake kana kwamba zimepigwa kwa bikari. Mpwa alinyamaza, jambo ambalo ni nadra. Niliilaza mapema asubuhi barazani kivulini, upepo ukapita, na kabla ya adhuhuri ilikuwa imekauka. Nilipozitoa pini umbo lilibaki. Baadaye nikapitisha pasi yenye mvuke kwa mbali, bila kukandamiza, kwa sababu pamba na kitani vinaustahimili moto wa pasi ambao ungeigandisha akriliki. Uso wa kitambaa ukang'aa kidogo tu, mng'ao wa kistaarabu.

Kuivaa sasa! Inakaa mbali na ngozi bila kuonekana kubwa. Mikono inacheza. Unainua mkono kushika bomba la daladala na sweta haikufuati hadi kifuani. Nimekaa nayo chini ya kiyoyozi cha kituo kimoja cha afya, mahali ambapo watu huja na mashuka, nikawa salama. Nimetoka nje mchana wa saa nane, nimetembea hadi kituoni juani, na bado nikawa salama. Nguo moja! Sijawahi kuwa na sweta ambayo sikuhitaji kuivua mlangoni.

Na lawama? Zipo, hata mlevi wa mapenzi huona kidogo. Kitani kinakwaruza. Uzi unapokimbia juu ya kidole cha shahada kwa muda mrefu unaacha alama, na mwenye vidole vya sufu, nikiwa na maana ya aliyezoea ulaini wa sufu, atalalamika wiki ya kwanza. Pakeni mafuta usiku, msipake kabla tu ya kufuma. Pia, miisho ya uzi haina pa kujificha kwenye lesi: sufu hung'ang'aniana, kitani huteleza na kuchungulia tunduni. Badilisha donge ukiwa chini ya kwapa, pitisha mwisho wa uzi ndani ya safu zilizobana kwa kwenda na kurudi, na usikate mpaka umeifua. Hereni kubwa na pete zenye vito ni maadui, na kucha ndefu vivyo hivyo. Usiitundike kwenye hanga hata siku moja. Ikunje, iweke kwenye droo. Ukiitundika itaanza kurefuka hata ikiwa na matundu yote ya dunia. Na ndani yake utahitaji kitu, maana nilishasema kuhusu mwembe. Kamisi nyepesi au fulana ya mikanda inatosha, na ukichagua rangi tofauti na sweta, mawimbi yanajitokeza kwa nguvu zaidi. Nyeupe juu ya bluu ya bahari, ah! Mimi yangu ni rangi ya mchanga, na ndani nimevaa ya kijani.

Bei ndiyo inayouma zaidi. Uzi wa kitani hapa unapatikana kwa kuagiza, na ukijumlisha na gharama ya kuusafirisha unaweza kununua sweta kadhaa za mtumba ukabaki na nauli. Sitadanganya kwamba ni mradi wa kubana matumizi. Lakini kuna njia ya pembeni, nayo inanisisimua karibu sawa na sweta yenyewe: ule uzi mwembamba wa pamba wa kufumia vitambaa vya makochi! Upo kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji kila mji, kwa rangi zote, na mama zetu wamejaza sebule nzima kwa uzi huo. Ni pamba iliyotiwa dawa ya kuipa mng'ao na nguvu, kazi ambayo Mwingereza John Mercer aliianzisha katika karne ya 19. Chukua nyuzi mbili, zifume pamoja kana kwamba ni mmoja, fuma kipande cha majaribio, kifue, kikaushe, ndipo upime. Nimeshafuma kipande changu cha rangi ya malai. Kina baridi mkononi, ni kizito kidogo kuliko cha kitani, lakini mawimbi yanatoka makali, yanasomeka kutoka upande wa pili wa barabara. Bibi zetu walikuwa na uzi wa sweta hii miaka yote, na wakauvalisha makochi!

Anayeanza kabisa kufuma asiogope, ila asianzie hapa. Fuma kwanza skafu ya Old Shale, vitanzi 36 na vichache vya pembeni, ujue mzunguko wa tatu unavyocheza. Aliyewahi kufuma sweta moja tu ya kawaida ya mtoto, na akaimaliza, anaweza kuja leo hii. Sioni kizuizi.

Mama ameiona kwa video ya simu akiwa Lushoto, na ameshaagiza ya kwake: mikono mirefu, rangi ya kahawia, na ameniomba sana matundu yapungue kifuani kwa sababu ya majirani. Jana usiku nimeanzisha vitanzi 112. Matundu hayapungui hata moja, nitamnunulia kamisi.